Kibati Ndani ya Kopo la Sindano

Kanuni niliziandika mimi, na mdomo uliozisoma ni huu huu: nyavu zikaguliwe kila saa, kasa akinaswa aachiwe, na katibu wa mtandao wetu apigiwe simu, atajiwe namba ya kibati cha utambulisho kilicho kwenye kikono cha kasa huyo. Vikundi vya wavuvi na akina mama walinda mayai wa fukwe saba tulikubaliana hivyo. Atakayefiwa na kasa wavuni atapumzisha nyavu mwezi mzima.

Wa kwanza kupatikana na kosa alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu. Kasa alimfia, akaripoti mwenyewe. Nilimsomea adhabu mbele ya watu, na kwa vile mwenyekiti mimi napenda kusikika, nikaongeza kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu walicheka. Yeye aliinamisha kichwa.

Wiki tatu baadaye nilikaa mnadani nikipiga soga na wanunuzi wa samaki, nyavu zangu ziko majini tangu alfajiri. Nilipozivuta nilikuta kasa jike amekufa maji. Nikakata kibati ili mzoga usinitaje, nikamzamisha kwa jiwe, nikampigia katibu, nikamtajia namba na kudai nimemwachia hai. Katibu alifurahi. Alisema huyo hutaga ufuo wa pili, akina mama watamsubiri. Kibati mkono ulikataa kukitupa, nikakitia kwenye kopo la sindano za nyavu.

Wiki mbili baadaye, kikaoni, namba ilisomwa, nikapigiwa makofi. Niliyapokea, Mungu anisamehe.

Kesho yake shemeji alikuja barazani kwangu na wavu begani. Adhabu yake ilikuwa imekwisha.

"Shemeji, nifundishe unavyotega. Sitaki aibu ile tena."

Aliona tundu kwenye wavu wake, akafungua kopo langu kabla sijamzuia. Kibati kilikuwa juu kabisa, namba ile ile ya kikaoni inasomeka. Alikisoma, kisha akafunika kopo taratibu.

"Humu hamna sindano," akasema. "Nitatafuta kwangu."

Sindano zilikuwamo nne. Mtu niliyemvua nguo hadharani alikuwa ananisitiri. Afadhali angenitukana.

Nikamshika mkono asiondoke. Nikampigia katibu, sauti nikaiweka juu ili shemeji naye asikie.

"Yule kasa," nikasema, "waambie akina mama wasimsubiri."