Nyusi za Baba Yake Carine

Baada ya misa, kikundi cha wasomaji wa mtaa wa Panda walikuwa ukumbini wakitoa maoni juu ya manga ile, kitabu cha katuni za Kijapani, ya kijana anayegeuza mawe kuwa dhahabu kwa alkemia. Mbombo akasimama.

"Huyu kijana hajui moto," alisema. "Baba alikuwa anayeyusha shaba, anarudi nyumbani nyusi zimeungua, tunamucheka, naye anacheka."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Rafiki yake, Carine, alihisi roho ikimchoma. Yeye ndiye aliyemsimulia Mbombo kisa kile, tena juzi tu!

"Ule ni baba yangu miye!" alifoka. "Baba yake Mbombo anauzishaka simu!"

"Carine, acha wivu," wakamcheka.

Wivu alikuwa nao kweli. Mbombo aliposimulia, hata Carine mwenyewe machozi yalimlengalenga. Yeye aliposimulia juzi, Mbombo alipiga miayo.