Makofi Mawili Ukutani

“Ahame leo, yaya Concilie, dada yangu! La sivyo naita kanisa zima, na ngoma zake!”

Jocelyne alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, kidevu juu ya ukuta, kichwa kimesukwa nusu. Upande wa pili Concilie, Mrundi mwenye nyumba, alikuwa akianika shuka.

“Mpangaji wangu kakukosea nini?”

“Ananichezea akili! Kila asubuhi, pa! pa! kwenye ukuta wangu. Kwetu Kongo, kule Kalemie, mlango wa pazia haugongwi, unapigiwa makofi. Naitika ‘karibu’, nafungua, hakuna mtu! Uji umeshaungua mara ngapi?”

“Anasali, mama. Kwao Japani kulikuwa na mbabe wa vita, Ieyasu, enzi za zamani huko. Alipokufa wakamjengea hekalu, wakamwita mungu. Sugiura ana kihekalu chake kwenye rafu, upande wa ukuta wako. Anainama, anapiga makofi mawili, basi.”

Lo! Kama kumwagia moto mafuta.

“Mbabe wa vita? Sisi tumewakimbia mpaka huku Troyeville, Johannesburg, yeye anawapigia makofi?”

Concilie akaacha kuanika, shuka mkononi. Naye hakuletwa huku na matembezi. “Eish. Basi, nitamwambia ahame.”

Lakini Sugiura alishasikia. Alikuja Afrika Kusini kutazama Kombe la Dunia akabaki, anafundisha ngoma mtaa wa Newtown, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa Concilie. Akatoka na kihekalu mkononi, amekiviringisha kwenye taulo.

“Mama, huyu alipigana, halafu vita vikaisha.”

“Wote husema hivyo!”

“Kweli,” akakubali. “Nahama. Samahani sana. Sikujua ni wewe.”

“Hukujua nini?”

“Napiga makofi, ukuta unasema ‘karibu’. Kila siku! Kule kwetu mungu huyu hajanijibu hata mara moja. Nikafikiri…” Akashusha macho. “Nikafikiri amejifunza Kiswahili.”

Concilie akaangusha shuka mavumbini. Jocelyne alicheka mpaka kreti likayumba, akaukumbatia ukuta asianguke.

“Yesu wangu! Kumbe mungu ni mimi!”

Alipojifuta machozi, kitu kikamchoma. Mtu kakaribishwa mwaka mzima, hajaonja hata tonge. Huko Kalemie mama yake angemtemea mate kwa aibu hiyo.

“Hahami mtu,” akasema. “Niliyemkaribisha nitamfukuzaje? Mrudishe mzee wako kwenye rafu, Sugiura, kisha uzunguke mlangoni. Na wewe yaya, achana na hiyo shuka. Bukari, ugali wetu, iko motoni, sombe ya kisamvu imeiva. Njooni mle.”