Kilo Kumi na Tatu

Saa tatu asubuhi, Jumanne, Wangechi alivua viatu na kupanda mizani ya kliniki ya utafiti huko Ruiru, orofa ya pili, juu ya duka la mabati. Alikuwa mshiriki nambari kumi na saba katika utafiti wa miezi sita kuhusu maumivu sugu ya viungo. Sista Nekesa, muuguzi aliyewapima washiriki wote, alisoma kilo hamsini na nane, akaandika. Kisha akamuuliza, kutoka sufuri hadi kumi, uchungu wa leo ni ngapi. Wangechi akasema mbili.

Jumanne iliyofuata alisema nane, na mizani ikasoma sabini na moja.

Nekesa alimwomba ashuke, apande tena. Sabini na moja. Akatoa kwenye mfuko wake pakiti ya unga ya kilo mbili aliyokuwa akipeleka nyumbani, akaiweka juu ya mizani. Ikasoma mbili kamili. Akamuuliza Wangechi kama alikuwa amekunywa chai. Alikuwa amekunywa kikombe kimoja.

"Basi si chai," Nekesa alisema, akaandika sabini na moja.

"Nilijua uchungu ni mzito, Sista. Sikujua ni kilo ngapi."

Wangechi hakujiunga na utafiti ili apone. Alitaka kiti. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama akipakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Thika, ambako anayepakia husimama isipokuwa awe na barua ya daktari wa kiwanda. Daktari huyo, Karanja, alikuwa amempima damu mara tatu na kumpiga picha za magoti mara mbili. Kila mara alimkuta mzima, na kila mara alimpongeza. Barua, alimweleza, huandikwa juu ya kitu kinachoonekana.

Nyumbani Kamenu, mumewe Chege hakuhitaji mizani. Kitanda chao kilikuwa kimeinamia upande wa mkewe tangu mwaka juzi, naye alikuwa amekiwekea matofali mawili upande huo, akaacha hapo. Lakini Wangechi alitaka kipimo cha pili, kutoka kwa mtu asiyehusika. Alienda kwa Swaleh, mwenye bucha, akaomba aweke mkono kwenye mizani. Kilo nne na robo. Swaleh akaweka wake: nusu kilo na kidogo.

"Na hiyo ni bila mfupa, Mama Kui?" aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni alisema yeye alikuja kununua matumbo, wakimaliza kupima watu wamwambie.

Kliniki nayo ilipitia faili zake. Kati ya washiriki arobaini, thelathini na wanane walikuwa wakiongezeka na kupungua uzito sawasawa na nambari walizotaja. Profesa Gichuru, mkuu wa utafiti, alisema takwimu zimekaa vizuri, kisha akauliza kama mizani ina muhuri wa serikali. Haukuwapo. Akaletwa mkaguzi wa vipimo, Zainab, mwenye sanduku la mawe ya chuma ya kupimia, naye akashinda hapo asubuhi nzima. Mizani ilikuwa sahihi. Alimpima na Wangechi pia, ambaye siku hiyo uchungu wake ulikuwa nane: sabini na moja. Nekesa alimuuliza kilo zilizozidi ni za nini. Zainab alijibu kwamba ofisi yao hushughulika na ngapi, haishughuliki na nini. Akabandika muhuri, akaenda.

Hivyo Wangechi alipanda ngazi za ofisi ya Daktari Karanja akiwa na barua ya profesa, iliyosema kwamba maumivu yake, yakiwa makali, yana uzito wa kilo kumi na tatu. Karanja aliisoma mara mbili. Hakutilia shaka hata neno moja. Alitoa chati ya urefu na uzito, akaifuata kwa kalamu hadi alipopataka.

"Mama Kui, shida ndiyo hii. Kilo sabini na moja kwa urefu wako ni nyingi."

"Kumi na tatu ni uchungu, daktari. Imeandikwa."

"Nimeona, na sijakataa. Ndiyo nasema zipungue. Magoti yanabeba mzigo."

"Zitapungua nikikaa."

"Ukikaa utanona."

Alimwandikia barua. Ilikuwa barua ya kwanza Wangechi kupata kutoka kwake kwa miaka kumi na mmoja, na ilimtaka supavaiza Maggie ahakikishe mfanyakazi huyu hakai, mpaka uzito urudi hamsini na nane. Maggie aliitia kwenye faili, akamwambia pole, akamwonyesha nafasi yake kwenye laini.

Siku hiyo uchungu ulikuwa nane tangu alfajiri. Kufikia saa sita vigae chini ya Wangechi vilikuwa vimepasuka, na saruji ikaanza kubonyea kwa umbo la viatu viwili. Maggie aliita fundi mara moja, kwa sababu sakafu ya mahali panapotengenezwa chakula hairuhusiwi kuwa na nyufa. Fundi Nzuki alipiga magoti, akapima kina kwa rula, akamuuliza Wangechi ni kilo ngapi. Akaambiwa kumi na tatu juu ya zile za kawaida.

Fomu ya ukarabati ilikuwa na nafasi ya sababu. Nzuki aliandika: uchungu wa mfanyakazi. Haikurudishwa wala kuulizwa swali. Iliidhinishwa kabla ya saa nane.

Alimwomba Wangechi asogee kidogo, akalaza bamba la chuma la milimita sita, akalikaza kwa bolti nne, akalipiga kwa kisigino.

"Haya, mama," alisema. "Hapa sasa unaweza kusimama hata miaka ishirini."

Wangechi akapanda juu yake. Halikutikisika.