Mama Birju Si Jina

Asubuhi ya kupiga kura Phulesari alikuwa anabandika mavi ya ng'ombe ukutani yakauke yawe kuni, na alikuwa anayabandika kwa nguvu kama anamzaba mtu makofi. Aliyekuwa anazabwa ni Udit Singh. Mwenye mashamba huyo alimlimisha mume wa Phulesari bure miaka kumi na moja, mpaka mgongo wa yule baba ukakataa kunyooka. Leo anataka achaguliwe, na sanduku lake lina picha ya farasi! Phulesari alitaka kutia karatasi yake kwenye sanduku la mpinzani wake, lenye picha ya taa. Hilo tu.

Akanawa, akavuta mtandio mpaka kidevuni, akaenda shuleni kwenye foleni ya wanawake.

"Mama Birju, sari ya harusi hiyo! Unaolewa tena?" mwenzake mmoja akamtania.

"Naolewa na taa. Farasi nimemchoka."

Foleni nzima ikacheka. Zamu yake ikafika.

"Jina?" karani akauliza.

Jina lake hakuwa amelitamka mbele ya mwanaume tangu aolewe. Akalisema. "Phulesari."

"Mume?"

Jirani yake akamjibia, "Nakched," maana mke hatamki jina la mumewe. Karani akapitisha kidole kwenye daftari, juu, chini, juu tena.

"Phulesari hayupo. Kuna 'mama Birju', kafutwa. Amri imetoka juu, asiyeandikisha jina lake mwenyewe afutwe."

"Ndio mimi huyo! Birju mwanangu."

"Mama, mama Birju si jina. Anayefuata!"

Aliyefuata naye alikuwa mama wa mtu. Naye akarudishwa.

Phulesari akakumbuka. Mwaka jana mwandikishaji alipofika, Jokhan, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekaa naye kizingitini. "Wanawake wetu hatuwataji majina," alisema, "andika mama Birju, inatosha." Phulesari mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu tu, jina liko mdomoni. Lakini mke wa mdogo mtu hasemi mbele ya shemeji mkubwa, hata uso hamuonyeshi. Akalimeza.

Sasa Jokhan yuko getini, anaonyesha watu wino kwenye kidole.

"Nyumba yetu imemaliza," anajisifu. "Nimempa farasi. Mambo ya wanawake kupanga foleni ni kupoteza siku."

Phulesari akafunua mtandio.

"Shemeji, miaka kumi na tano nakupikia roti. Mimi naitwa nani?"

Jokhan akageuza uso ukutani. "Jifunike! Watu wanakuona!"

"Waone! Naitwa Phulesari. Ulikuwa unajua, ukalificha kama umeliiba, leo nimefutwa kwa ajili ya heshima yako. Farasi wako amemvunja mgongo ndugu yako, na wewe unampa kura!"

"Nakched, mkanye mkeo!"

Nakched, aliyekuwa kando amejikunja na fimbo yake, akasema taratibu, "Kwani amekosea wapi, kaka?"

Udit Singh alishinda kwa kura thelathini na nane. Kijijini kwao Semradih peke yake walikuwa wamefutwa wanawake sitini na moja.

Siku matokeo yalipotangazwa, Phulesari alimkalisha binti yake Kosila, wa darasa la nne, na postikadi.

"Andika. Bwana mkubwa wa uchaguzi wa wilaya. Mimi ni Phulesari wa Semradih. Mlimuuliza mwanaume jina langu, mkaniadhibu mimi kwa jibu lake. Tuko sitini na moja. Rudisheni majina yetu, na safari hii mje mtuulize wenyewe."

"Mama, niandike tafadhali?"

"Tafadhali ya nini? Usiandike."

Kosila akabana herufi zikaenea kwenye kadi, akaipeleka posta kwa miguu.

Tangu hapo tarishi amepita Semradih Alhamisi nne. Anapiga kengele ya baiskeli kwenye kona, anapita mlango wao, hashuki.