Mwanya wa Daraja la Ishirini na Tisa

Mama Mwanya alikuwa akipiga mswaki kwenye bomba la uani, kabla hajawasha jiko la kukaangia karanga, mswaki ulipokataa kupita mahali ulipozoea kupita. Akasukutua, akatema, akapitisha ulimi. Meno mawili ya mbele, ya juu, ambayo hayakuwahi kugusana tangu yaote, yalikuwa yamekaa bega kwa bega kama watu wa foleni.

Alimwita mumewe. Mumewe alikuwa fundi redio, na kila kilichoharibika pale nyumbani kilipita kwake kwanza. Alileta tochi, akamwambia apanue mdomo, akachungulia.

"Umezibwa," alisema.

"Na nani?"

"Simjui. Lakini ni fundi. Hata kiungio hakionekani."

Mama Mwanya akafunga mdomo, akaenda kukaanga karanga, kwa sababu karanga hazingoji meno.

Siagi yake ya karanga ilijulikana mtaani kwao na mitaa ya jirani. Aliisaga mwenyewe kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza ya jikoni, akaijaza katika chupa zilizochemshwa, na kila chupa akaibandika karatasi yenye mchoro wa mdomo unaocheka, mwanya katikati. Mdomo huo aliuchora mumewe zamani za uchumba, na hadi wakati huo ndio mchoro pekee aliokuwa amechora maishani mwake. Mara kwa mara watu walimshauri Mama Mwanya akaisajili nembo ile pamoja na jina. Yeye aliwajibu kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba hajaona bado karanga iliyoombewa kibali.

Asubuhi hiyo mwenye duka la pembeni alizikataa chupa zake. Alitazama karatasi, akatazama mdomo wa Mama Mwanya, akarudi kwenye karatasi.

"Shemeji, hapa pana mwanya, na wewe huna. Nitaambiwa nauza bandia."

"Si mimi mwenyewe ndiye niliyechorwa?"

"Mimi najua. Lakini mteja hanunui ninachokijua mimi."

Akainama chini ya kaunta, akaibuka na chupa nyingine yenye kifuniko chekundu. Ilishushwa jana na lori la kampuni ya vyakula. Kicheko kilikuwa kilekile, mwanya uleule, na kando ya neno Mwanya palikuwa na herufi ndogo ndani ya duara, kama nzi aliyetumbukia kikombeni. Mama Mwanya akakumbuka kijana mmoja mtanashati, mwenye viatu vilivyochongoka, aliyekuja kununua chupa chache na kumwomba acheke mara mbili, mara ya pili polepole. Alikuwa amecheka zote mbili, na akamwongezea chupa moja ya bure.

Mchana, jua likiwa utosini, marehemu mama yake alifika. Alikuwa amekufa miaka mingi na hakuwa mtu wa kutembelea watu ovyo. Akavuta kigoda, akausogeza ungo, akaanza kuchambua karanga bila kuombwa, akizitupa zilizooza.

"Wangu nao umeziba," alisema.

Mama Mwanya akamletea maji ya kunywa.

"Kule nguo zetu ni za namna moja," marehemu akaendelea. "Tunatambuana kwa vitu vidogo. Leo asubuhi baba yako kanipita kama gunia. Nikamsalimu. Unajua kaniitikiaje?"

"Kakuitikiaje?"

"Kasema, 'Salama, dada.' Ndoa yote ile, mwanangu, naitwa dada."

Mama Mwanya akafuta mikono, akavaa viatu vya kutokea, wakaenda wote wawili ofisi ya usajili wa alama za biashara.

Benchi la ofisi hiyo lilikuwa refu na limejaa. Mwoka mikate alikuwa amepakata mikate iliyotoka tanuri muda huohuo, nayo haikuwa na harufu yoyote. Harufu yake ilisajiliwa na mtu mwingine. Pembeni yake alikaa kinyozi ambaye jina la kibanda chake lilikuwa jina la mwanawe. Sasa kila alipotaka kumwita mtoto ale, mdomo wake ulitoa tangazo la mafuta ya nywele. Walijisogeza kidogo, marehemu akapata pa kukaa.

Karani wa dirishani alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisikiliza, akafungua jalada, akasoma kwa kidole.

"Ndiyo. Mwanya umesajiliwa. Jina, mchoro, na nafasi yenyewe. Daraja la ishirini na tisa, pamoja na nyama, mayai, na karanga zilizosindikwa."

"Nimezaliwa nao," alisema Mama Mwanya.

"Sikatai. Lakini tangazo lilitoka katika gazeti rasmi, likakaa miezi miwili likingoja mtu wa kupinga. Huwa mnalisoma?"

"Huwa nafungia karanga."

Karani akatikisa kichwa kwa huruma. Alieleza kuwa aliyeitumia alama mwanzo ana haki yake, ila atahitaji wakili, na shahidi wa matumizi ya zamani.

"Shahidi ni mimi," alisema marehemu. "Nilimzaa nao, na mimi nilizaliwa nao."

"Bibi ana kitambulisho?"

"Walikirudisha waliponizika."

"Hapo ndipo penye shida. Anayeapisha huapisha walio hai. Si kwamba hatuwaamini marehemu. Hawana anwani ya kupelekea barua." Akalifunga jalada. "Wenye biashara ndogo wote mnakuja hapa mkiwa mmeshaumwa. Ningewapata kabla, ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Jaribuni kuongea na kampuni."

Mkurugenzi wa kampuni aliwapokea mwenyewe, akawaagizia chai. Mwanya ulikuwa mdomoni mwake. Ulimkaa vizuri, lakini hakuwa ameuzoea: kila neno lenye sauti ya S lilitoka na filimbi, na kampuni yake ilitengeneza siagi, sukari na sosi. Vikao vya bodi vilikuwa vimeanza kumchosha.

"Samahani kwa usumbufu," alisema, na mlinzi wa mlangoni akadhani anaitwa, akaingia. Mkurugenzi akamrudisha kwa mkono.

Marehemu alisimama, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani.

"Ni huu," alisema. "Tazama hapa palipomeguka. Nilikuwa nakata uzi kwa meno, namshonea mwanangu sare ya shule."

Mama Mwanya akatazama. Palikuwa pamemeguka kidogo sana, kama ncha ya ukucha. Sare ile aliikumbuka. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, ili aivae miaka mitatu. Akanywa chai ya kampuni.

"Ulimi uweke chini," marehemu alimwambia mkurugenzi, kwa sababu hakupenda kuona kitu kizuri kikitumiwa vibaya. "Usiuegemeze kwenye meno. Sema siagi."

"Siagi," alisema mkurugenzi. Filimbi haikutoka. Akasema sukari, akasema sosi, na kwa shukrani akamwita mwanasheria wake, ambaye aliwaeleza kuwa kampuni haiwezi kurudisha mwanya, kwani umeshawekwa katika hesabu za mali zake, lakini inaweza kutoa leseni. Mtu mmoja angeruhusiwa kuwa na mwanya, kwa matumizi ya nyumbani: kula, kupiga miayo, na kucheka mahali pasipo na bidhaa.

"Mmoja tu?" aliuliza Mama Mwanya.

"Mmoja."

Alifikiria chupa zilizopangwa jikoni kwake. Alimfikiria pia baba yake, ambaye akiwa hai hakuwahi kula mkewe hajaketi. Akasema mwanya apewe mama yake.

Mwanasheria alimtaka marehemu aahidi kwamba hatafanya biashara ya karanga huko aliko.

"Kwani mmeshafika huko?" aliuliza marehemu.

"Bado. Lakini tuna mipango."

Marehemu akaahidi. Walipotoka nje ya geti alipiga mluzi mmoja mwembamba kupitia mwanya wake, akamshika binti yake shavu, akaenda zake kwa hatua za mtu anayesubiriwa.

Miezi iliyofuata Mama Mwanya aliuza siagi isiyo na karatasi. Waliomjua walinunua. Wasiomjua walinunua yenye kifuniko chekundu, iliyokuwa na sukari nyingi, na wakasimuliana kwamba Mama Mwanya amekuwa tajiri na ana lori.

Kisha binti yake mdogo aling'oka jino la mbele. Siku hiyohiyo alikaa kizingitini, karibu na chupa za mamake, akicheka na kila mpita njia, na kabla ya adhuhuri akaja ofisa wa kampuni mwenye rula. Alimpima mtoto mara mbili, juu na chini.

"Hili ni pengo," alisema, akiandika. "Mwanya mtu huzaliwa nao, pengo hulipata. Kampuni haina neno na pengo." Akaomba radhi, akanunua chupa moja kwa ajili ya nyumbani kwake.

Mama Mwanya alibaki amesimama na chenji mkononi. Mchana huo alikwenda kwa daktari wa meno, akamwonyesha jino moja la mbele.

"Hili ni zima," alisema daktari.

"Najua."

"Linakuuma?"

"Linanitia hasara."

Aliporudi, shavu limevimba, mumewe alichukua karatasi akachora mdomo mpya. Ule wa kwanza aliuchora dakika chache, huku mchumba wake akicheka mbele yake. Huu ulimchukua jioni nzima, na mkewe hakuweza kucheka kwa sababu ya uvimbe. Alipomaliza, alisema kuwa hatachora tena.

Karani alifurahi kumwona amekuja mapema. Alimsaidia kujaza, na walipofika mahali pa kueleza alama, alimshauri kama ndugu.

"Usiandike pengo lako. Andika pengo. Ukibana, watakuzunguka."

Mama Mwanya akaandika pengo. Tangazo likatoka katika gazeti rasmi, likakaa muda wake, na hakuna aliyepinga, kwa kuwa hakuna aliyelisoma. Akapewa cheti, na kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Pengo. Mwenye duka la pembeni alichukua chupa zote alizokuwa nazo, akaagiza nyingine.

Kesho yake asubuhi alikuwa akibandika karatasi mpya aliposikia hodi. Alikuwa ni jirani yao wa nyumba ya tatu, mzee ambaye mtaa wote ulimwita Kibogoyo, na ambaye mwenyewe aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Alisimama mlangoni na meno kamili, meupe, makubwa, yaliyoufanya uso wake uonekane wa mtu mwingine aliyevaa koti lake.

"Nimeota meno," alisema.

"Nayaona, mzee wangu. Karibu ndani."

"Yote. Wala sikuyaomba." Alikaa kitako, akiyagusa kwa kidole. "Ulimi hauna pa kukaa. Nimejing'ata mara mbili toka alfajiri. Wajukuu nao, waliokuwa wameng'oka, wote wamejaa. Yule mdogo jino lake lilikuwa linacheza, leo limesimama kama msumari. Analia."

Mama Pengo aliendelea kupaka gundi.

"Pengo limesajiliwa," alisema baadaye. "Kwa jina langu."

"Nimesikia. Lakini, mama, lile lilikuwa langu. Nilikuwa nalo wewe hujaolewa hapa mtaani."

Mama Pengo alijua kuwa ni kweli. Alijua pia kwamba mwenye duka anangoja chupa kabla ya saa nne, na kwamba jino alilolitoa lilikuwa zima. Alitazama cheti kilichotundikwa ukutani juu ya mashine, akamtazama mzee. Akachukua chupa, akaifungua, akampa na kijiko.

Kibogoyo alikula polepole, akishangaa kidogo namna meno yanavyogongana pasipo na kitu cha kutafuna. Aliimaliza chupa. Alisema ni tamu, haijawahi kuwa tamu hivyo, kisha akauliza ofisi ya usajili iko wapi.

Mama Pengo alitoka naye hadi barabarani, akamwonyesha njia ya mkato.