Nati Zitazame Nje

Nati ilikataa kutoka. Severini alipiga magoti ndani ya behewa la mizigo, akaibana kwa spana, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nati ikalia, ikalegea. Akaigonga bolti kwa nyundo, ikachomokea nje, shingo imejaa kutu.

Tangu Wadachi walete reli Morogoro, alikuwa akifunga milango ya mabehewa kwa namna moja. Bolti za sakafuni zina kichwa cha pembe nne, spana huzishika popote. Za mlangoni kichwa chake ni mviringo, laini kama kifungo, na shingo ya mraba inayong'ata mbao. Kichwa hukaa nje, nati ndani. Mwizi hana pa kushika.

Asubuhi hiyo Hatibu, mnyapara wa karakana, alileta amri zigeuzwe: vichwa ndani, nati nje.

"Mwizi si atafungua?" Severini aliuliza.

"Mwizi gani, fundi? Safari hii mzigo wenyewe una mikono."

Severini akaelewa. Ng'ambo ya reli, ghalani, walifungiwa wapagazi wa vita waliokamatwa milimani na sokoni. Mmoja wao alikuwa Yakobo, mdogo wake, aliyeteremka kuuza viazi.

Mchana alimpelekea kande. Askari akamruhusu kusogea dirishani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kula." Akashusha sauti. "Mlango wa pili nitaulegeza. Treni ikipanda kilima, usukumeni, mruke."

Yakobo alitafuna kwanza. "Ule mlango uliomtengenezea mama, mpaka leo mbuzi wanaufungua kwa pembe. Wa Mdachi ndio utajua kuulegeza kwa kipimo?"

Severini alicheka. "Sifanyi mzaha, Yakobo."

"Wala mimi. Milango yote hapa unafunga wewe. Ukifunguka, watamuuliza nani? Mama alizaa wawili. Mmoja ndiye huyu anakwenda. Wakikutundika wewe, nani atamlimia?" Akarudisha bakuli, tupu, amelifuta kwa kidole. "Kaza, kaka. Kaza vizuri."

Severini alirudi behewani. Mlango wa kwanza ulikuwa tayari. Akaanza wa pili. Bolti ya juu aliigeuza, akapachika nati upande wa nje, akaizungusha kidogo tu, akaiacha. Alisimama kitambo akiitazama. Kisha akachukua spana, akaikaza mpaka mbao ikalalama, akaijaribu kwa mkono, akaikaza tena.

Nati ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu. Aliivuta, spana ikateleza, ikamchubua vidole. Akaivuta tena. Kengele ya kufunga kazi ikalia.

"Iache hiyo," Hatibu aliita kutoka chini. "Treni haiondoki kabla ya adhuhuri. Utamalizia kesho."

Severini akachukua kopo la mafuta ya taa, akaimiminia ile nati polepole, ili iyanywe usiku kucha, kesho ikubali kutoka. Kisha akafuta mikono, akashuka.