Kapeti la Mzee Vua

Mtaani walimwita Mzee Vua, na jina lenyewe alijitakia. Kila aliyetaka kupanda gari lake aliambiwa neno hilo hilo, "Vua," wakati mwingine hata kabla salamu haijaitikiwa. Unavua, unatia viatu vyako kwenye mfuko alioutundika nyuma ya siti yake kwa kazi hiyo, ndipo unaingiza mguu. Gari lenyewe halikuwa la kutisha watu. Lilikuwa dogo, la kijivu, na lingekuwa binadamu lingekuwa limeshaoa. Lakini ndani lilikuwa na kapeti la rangi ya krimu, na kapeti hilo lilikuwa safi kuliko shuka za watu wengi.

Watu walidhani ni kiburi. Mkewe alijua sivyo. Mzee Vua alikuwa mpiga chapa maisha yake yote ya kazi, na wino ulikuwa umemwingia kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja, kwenye kola za mashati, hadi kwenye foronya alizolalia. Siku ya harusi yao alificha mikono mfukoni, na katika kila picha anaonekana kama bwana harusi aliyepoteza funguo. Alipostaafu akanunua lile gari, alimwambia mkewe, "Nataka angalau kitu kimoja nikishike kisipate doa." Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule, alimwangalia, akasema sawa, akavua viatu. Na akaendelea kuvua.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa seremala, kijana mpole, mkubwa wa mwili, aliyeishi na mkewe mjamzito. Majirani hao walikuwa wamekwaruzana kidogo. Siku moja mzee alimpa seremala lifti, na seremala akavua viatu vizuri tu, ila suruali yake ilikuwa imejaa unga wa mbao. Mzee alisimamisha gari pembeni ya barabara, akamteremsha, akamkung'uta mbele za watu kama mkeka. Tangu hapo walibaki na "habari" na "nzuri," basi, kila mtu na hamsini zake.

Sasa, alasiri moja mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa bomba. Mlango wa mzee ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa seremala, ameloa chapachapa.

"Mzee, nisamehe. Mke wangu, chupa imeshapasuka. Nimepiga simu hospitali, gari lao liko mbali. Teksi hakuna hata moja inayokubali mvua hii."

Kusema haki, mzee hakusita. Alichukua funguo na kutoka na ndala, akaleta gari hadi kwenye geti la seremala. Mkewe akakimbia miguu mitupu kumshika yule mama mtarajiwa mkono mmoja, seremala akashika wa pili, wakamleta polepole kwenye tope.

Walipofika kwenye mlango wa nyuma, mama yule akasimama. Akashika paa la gari kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia, tumbo likiwa limemtangulia, akaanza kufungua mkanda wa kiatu. Uchungu ukambana akiwa katikati. Akaganda pale pale, ameinama, mvua ikimpiga mgongoni, akasubiri upite. Ulipopita, akamalizia cha pili. Upande wa mbele seremala naye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, anavuta buti.

Mzee aliyaona yote hayo kwenye kioo. Alitaka kusema acha, ingia tu, mwanangu. Alipopata kufungua mdomo, mlango ulikuwa umeshafungwa. Kando ya barabara vilibaki viatu jozi mbili, vimepangwa sawasawa, vinajaa maji.

Njiani mke wa mzee, kiti cha nyuma, alikuwa akirudia, "Pumua, mama. Hivyo hivyo. Pumua." Seremala, kiti cha mbele, alikuwa akipumua pia, tena kwa nguvu zaidi kuliko aliyeambiwa. Foleni ikasogea, ikasimama, ikasogea. Walipoliona geti la hospitali, sauti ya mke wa mzee ikabadilika.

"Simama."

"Nisimame vipi, si hapo tu?"

"Baba, mtoto hajui kama ni hapo tu. Simama!"

Alisimama mbele kabisa ya geti. Mlinzi akaja na mwavuli, akainama dirishani kuuliza wanakwenda idara gani, na kabla hajajibiwa, kilio chembamba kikamjibu kutoka nyuma. Mlinzi alitupa mwavuli akakimbilia ndani kuita wauguzi. Alikuwa mtoto wa kike, na mtu wa kwanza kumpokea duniani alikuwa mshonaji, kwa sweta lake mwenyewe.

Mama na mtoto walilazwa. Mzee na mkewe walirudi nyumbani jioni. Maji, damu na mengine yote ya uzazi yalikuwa yameshuka kutoka siti ya nyuma, yakatulia kwenye lile kapeti la krimu.

Asubuhi jua lilitoka. Mkewe alimkuta mzee amesimama karibu na gari, milango yote minne wazi, mikono kiunoni. Mke akajiandaa kusikia maneno makali.

"Tulipeleke kwa waosha magari," alisema kwa sauti ya kujaribu. "Pale kona wanaosha vizuri."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wale wanaoshea barabarani. Wataitoa damu ya yule binti kwa mpira wa maji, kila mpita njia anaangalia, mwingine anauliza hapa palichinjwa nini." Akakunja mikono ya shati. "Nitaosha mwenyewe. Hapa uani."

Mkewe alikwenda kutafuta brashi.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mzee alidhani atafuta kwa kitambaa na sabuni kisha ajipumzishe. Alipobonyeza kapeti kwa kidole, likatoa maji mekundu kama sifongo, akajua mambo yako chini. Ilibidi siti zitoke. Alikuwa amelala chali sakafuni mwa gari, anapambana na nati iliyokataa spana, alipoona miguu mipana, mitupu, imesimama mlangoni. Seremala alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, mkononi ana ndoo inayofuka moshi.

"Mzee, ondoka hapo. Hii ni kazi yangu."

"Kazi yako iko hospitali. Nenda kwa mkeo."

"Amelala. Mtoto amelala. Wamenifukuza, wanasema nawaangalia sana." Akaweka ndoo chini. "Damu ni ya kwangu, mzee. Siwezi kukuachia uoshe damu ya kwangu."

"Na gari ni la kwangu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Wakabaki wanatazamana, mmoja amelala, mmoja amesimama, hakuna anayetaka kulegeza. Mke wa mzee alitokea na brashi mbili na chupa ya siki. Akaiona ile ndoo.

"Hayo maji ya nani?"

"Ya kwangu, mama," alisema seremala. "Yamechemka vizuri."

"Unataka damu ipikwe humo humo isitoke tena? Mimi nimejichoma sindano juu ya mashati meupe tangu hujazaliwa. Damu ni maji baridi. Hayo ya moto nipe mimi nikaoge." Akampa kila mmoja brashi yake. "Na mtasugua wote wawili. Gari lina pande mbili."

Nati iliyomshinda mzee ilimtii seremala mara moja. Walitoa siti ya nyuma, kisha za mbele, wakaziegemeza ukutani. Wakabandua plastiki za milangoni, wakalikunja kapeti kuanzia nyuma kwenda mbele, polepole lisichanike. Na chini yake, kwenye tandiko la sifongo lililojaa vumbi, zikatokea hazina ambazo mzee hakuzitarajia: mchanga wa kutosha kupandia mche, kifungo cha sare, kibanio cha nywele, na maganda ya karanga. Maganda mengi.

Mzee alichukua ganda moja akaliinua juu.

"Nani amekula karanga ndani ya gari langu?"

Mkewe alijifanya anatafuta kamba ya nguo.

"Mama, nakuuliza wewe."

"Si unaniacha humo unapoingia madukani? Unakaa nusu siku unachagua betri ya redio. Nifanye nini, nile mkanda?"

Seremala alijaribu kumeza kicheko, kikamtokea puani. Mzee alimgeukia kwa hasira, akamkuta anafuta machozi kwa mkono wenye povu, na hasira ikakosa pa kukaa. Akacheka naye. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji.

Walitandaza kapeti uani, wakalimwagia maji baridi, wakasugua, wakasuuza, maji yakawa mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe kidogo. Wakanyunyiza siki kuua harufu. Jua lilikuwa limepanda. Mzee ndiye aliyeanza kuongea, bila kuinua macho.

"Mkeo jana alivua viatu."

"Alivua," alijibu seremala.

"Na uchungu ule."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukumwambia aingie tu?"

Seremala alisugua kidogo kabla ya kujibu. "Mzee, nikwambie ukweli? Tulikuwa na hofu usije ukakataa. Nilimwambia tukiwa bado ndani: tukifika pale, vua haraka, tusimpe sababu."

Mzee aliacha kusugua. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba ni mazoea, au heshima, au kwamba walisahau. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alitazama mikono yake, kucha zilizobaki na weusi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa, na povu la waridi juu yake. Aliona jinsi mtu anavyoweza kufunga mlango kwa muda mrefu mpaka majirani wakaamini nyuma yake hakuna mtu.

"Nisingekataa," alisema.

"Sasa najua."

"Nisingekataa hata kidogo, fundi."

"Najua, mzee. Ulitoka na ndala." Seremala akachota maji, akamwaga taratibu pale mzee alipokuwa akisugua. "Shikilia hapo, bado kuna doa."

Doa hilo halikutoka lote. Lilibaki kama kivuli cha rangi ya chai, chini ya siti ya nyuma, upana wa sahani. Mzee alilipiga brashi mara ya mwisho, akasema linatosha. Wakalitundika kapeti kwenye kamba, na kamba ikazama kwa uzito hadi seremala akaleta ubao wa kuitegemeza. Sifongo la chini lilikuwa limelewa maji, wakaliwekea feni.

Kapeti lilikuwa bado bichi hospitali ilipopiga simu kwamba mama na mtoto wanaruhusiwa. Seremala akasema atatafuta teksi. Mzee akasema teksi ya nini, akarudisha siti juu ya chuma kitupu, akazifunga nati mwenyewe, akamwomba mkewe blanketi, wakaondoka wote watatu.

Hospitalini, mama wa mtoto alipofika mlangoni alianza kuinama. "Usivue," alisema mzee, haraka mno, karibu ampigie kelele. Kisha akashusha sauti. "Chuma ni baridi, mwanangu. Ingia hivyo hivyo."

Gari lisilo na kapeti ni gari jingine kabisa. Kila kokoto ilisikika ikigonga chini ya miguu, kila dimbwi lilipiga kelele, na injini ilinguruma kama imekaa mapajani mwao. Mzee aliona aibu, akaomba radhi kwa kelele.

"Usijali, baba," alisema mama wa mtoto kutoka nyuma. "Angalia, amelala."

Na kweli, mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, katikati ya ngurumo ile yote. Mke wa mzee alimwinamia akiwa amemshika kidole. Seremala aligeuka kila mara kutazama hadi shingo ikamuuma.

Walifika mtaani. Mzee alisimamisha gari mbele ya geti, akazima injini, na ukimya ulipoingia tu, mtoto akafumbua macho na kulia kwa pumzi zote alizokuwa nazo.

"Washa," alisema mkewe.

"Si tumefika?"

"Washa, baba, washa!"

Mzee akawasha. Kilio kikakatika. Akatazama kwenye kioo, akaona nyuso zote zinamsubiri yeye, akaingiza gia, akalipita geti na kuendelea mbele.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza seremala.

"Sijui," alisema mzee. "Muulizeni yeye."